Majina Niliyoyafuta

Nikituma kazi yoyote kwa mtu, hata barua ya mistari mitatu, hainitoki upesi. Naisoma mara nne, mara ya tano naisoma kutoka chini kwenda juu, na nikishaituma naifungua tena kwenye simu nione imefika ikiwa na sura gani. Mama husema nilianza hivyo darasa la pili, nilipokuwa nararua ukurasa mzima wa daftari kwa sababu ya herufi moja iliyokaa vibaya. Mwalimu alinisifu kwa usafi. Naeleza haya mapema ili anayesoma asidhani kosa nililofanya lilitokana na uvivu. Lilitokana na usafi.

Ninaishi mtaa wa Dallas, hapa Embu mjini, katika chumba kimoja, na mchana nafanya kazi kwenye saiba, pale watu wanapokuja kuchapisha vyeti na kujaziwa fomu za serikali. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, kwa video na kwa kompyuta ya mkononi niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ambayo betri yake haikai. Sina cheti. Mtu asiye na cheti huwa anangoja siku atakayoulizwa nani alimwambia anajua, na mimi nilikuwa nikingoja swali hilo kila siku, hata nikiwa peke yangu.

Kitu cha kwanza kilichonifanya nione kwamba labda ninajua kitu kilikuwa maktaba. Si ile ya vitabu. Waandishi wa programu huita maktaba vile vipande vya programu ambavyo mtu mwingine ameshaviandika na kuvijaribu, nawe unaviazima badala ya kuanza mwanzo. Niliyoipenda mimi ni ya lugha ya Python, na kazi yake ni kusoma kurasa za tovuti. Ukurasa unaouona kwenye simu ukiwa na rangi na picha, nyuma yake ni maandishi marefu yaliyojaa alama: hapa jedwali linaanza, huu ni mstari, hiki ni kisanduku cha kwanza, hiki cha pili. Unaiambia maktaba ikutafutie kila mstari wa jedwali, na katika kila mstari ikupe kisanduku cha pili, nayo inakuletea yote kabla hujameza chai. Kazi hiyo tunaiita kukwangua, kama unavyokwangua ukoko chini ya sufuria. Mara ya kwanza ilipofanya kazi nilisimama nikazunguka chumba. Kwa maisha yangu yote nilikuwa nimetafuta kitu kinachotii sawasawa na unavyokiambia.

Baba mkubwa, yaani kaka mkubwa wa baba, anaishi nje kidogo ya Siakago na ni mzee wa kanisa. Yeye ndiye husoma matangazo Jumapili. Huniita mama. Nina jina la mama yao, kama inavyotakiwa kwetu, kwa sababu binti wa kwanza huchukua jina la nyanya mzaa baba. Basi wazee wenye mvi huniita mama bila kucheka, na hata wakinituma dukani hunituma kwa adabu.

Alinipigia simu siku ya Alhamisi. Ofisi ya ardhi ilikuwa imeweka kwenye tovuti orodha ya watu wa eneo lao ambao hati zao za mashamba zilikuwa karibu kutoka. Kila aliye kwenye orodha alitakiwa afike ofisini Siakago na kitambulisho, athibitishe jina na namba ya shamba, kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa ya wiki iliyofuata. Asiyefika, faili yake ingerudishwa, naye angoje orodha nyingine. Hakuna aliyejua nyingine ingekuja lini. Watu wamengoja hati hizo tangu mashamba yapimwe, na wengine wamezikwa kwenye mashamba hayo hayo kabla karatasi haijafika.

Tatizo lilikuwa tovuti yenyewe. Kurasa arobaini na moja, kila ukurasa watu kumi, na hakuna mahali pa kuandika jina ukalitafuta. Baba mkubwa alisema amejaribu kwa simu yake akafika ukurasa wa sita, bando ikaisha. "Mama, nitolee majina ya watu wetu uyapange vizuri. Nitayasoma Jumapili."

Niliifanya kazi hiyo asubuhi ya Ijumaa kabla ya kufungua saiba, na nakumbuka jinsi nilivyokuwa na furaha. Hii ilikuwa kazi ya kweli, watu wa kweli, na ni mimi tu katika ukoo wetu wote niliyeweza kuifanya. Niliandika programu ifungue ukurasa wa kwanza, ikwangue, isubiri kidogo ili isiilemee tovuti, iende wa pili, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Ikarudi na mistari mia nne na sita.

Nikaanza kuisoma, ikanikera. Orodha ilikuwa chafu. Mstari wa mwisho wa kila ukurasa ulikuwa umerudiwa juu ya ukurasa unaofuata. Jina linatokea, halafu linatokea tena papo hapo. Namba za mashamba nazo zilikuwa zimeandikwa ovyo, nyingine kwa mstari wa mshazari, nyingine kwa kistari, nyingine nafasi tupu katikati, kana kwamba kila mfanyakazi alikuwa na mtindo wake. Majina yalikuwa mawili mawili, la ubatizo na la ukoo. La tatu, ambalo huwa la baba au la mume, tovuti haikulionyesha kabisa.

Nikafanya vitu viwili. Safu ya namba za mashamba niliiondoa, kwa sababu ilinichoma macho na niliona watu wanataka kusikia majina. Halafu nikaandika mstari mmoja mfupi wa programu: jina likiwa limeshaonekana, liruke. Ukitazama mstari huo ni mzuri sana. Ulifuta marudio yote, nikapanga kwa alfabeti, nikabaki na majina mia tatu hamsini na tano.

Chini ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, tovuti ilikuwa imeandika jumla: mia tatu sitini na sita.

Niliiona. Sitaki kudanganya kwamba sikuiona. Nilikaa nikiitazama namba ile, na badala ya kufungua programu na kutafuta wale kumi na mmoja walienda wapi, nikajiambia kwamba tovuti inayorudia mistari yake haiwezi kujua kuhesabu. Kisha, kwa kuwa wasiwasi haukuniacha, nikaandika chini ya orodha yangu sentensi moja: kwamba jumla yangu na jumla ya tovuti hazilingani, na asiyeliona jina lake aende kuuliza. Nikachapisha, nikautazama ukurasa. Sentensi ile ilikaa pale chini kama doa kwenye shati jeupe. Nilimwona akilini baba mkubwa akifika hapo mbele ya kanisa, akisita, watu wakigeuka kutazamana, wakisema huyu binti wa Embu kumbe anabahatisha. Nikaifuta. Nikachapisha upya nakala tatu na kuzituma kwa gari la Siakago.

Jumapili mchana alinipigia kunishukuru. Alisema amesoma orodha yote na hakuna jina lililomtatiza kulisoma, karatasi imepigwa vizuri kama ya benki. Siku hiyo nilikula bila kuchungulia simu.

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, nikiwa saiba, simu ililia. Jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa langu. Hilo si ajabu kwetu. Ndugu za baba ni wengi, kila mmoja alimpa binti wake wa kwanza jina la mama yao, na kwa heshima ya marehemu wakampa hata lile la ubatizo. Tuko wanne wenye majina mawili yale yale. Huyu alikuwa binamu yangu akitaka kujua kama niliona chaja yake alipolala kwangu. Nilikuwa namjibu kwamba sijaiona, huku nalitazama jina langu pale juu ya simu, ndipo nikaelewa.

Programu yangu ingemfuta huyu.

Nilimwambia mteja aliyekuwa akingoja kwamba mashine imegoma. Nikafungua orodha ya kwanza, ile chafu, na safari hii nikalinganisha jina pamoja na namba ya shamba, baada ya kuzisawazisha zile namba kwa mistari sita ya programu ambayo ningeweza kuiandika tangu mwanzo. Walitoka mia tatu sitini na sita. Tovuti ilijua kuhesabu. Watu kumi na mmoja walikuwa na majina sawa na ya jirani au ndugu, wajina wa nyanya mmoja au babu mmoja, kila mtu na shamba lake, na mimi nilikuwa nimemwacha mmoja na kumtupa mwingine. Zilikuwa zimebaki saa thelathini, na za kulala zikiwa humo.

Sasa ninalotaka kukiri. Sikumpigia baba mkubwa. Nilimwandikia ujumbe: "Ofisi imeongeza majina kumi na moja kwenye tovuti, nakutumia." Niliuandika na kuutuma haraka, kabla sijapata nafasi ya kuusoma mara nne. Nilihisi nimepona. Majina yatafika, kazi itabaki safi.

Jibu lake lilikuja baada ya dakika chache. Alinishukuru, halafu akasema kama wameongeza majina leo, bila shaka na siku za kufika ofisini wataziongeza, kwa hiyo atayasoma Jumapili.

Nilitoka nje ya saiba nikasimama kwenye kibaraza na kumpigia, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Hawakuongeza, baba. Yalikuwepo. Ni mimi niliyafuta."

"Ulifuta watu?"

"Nilidhani ni jina moja limeandikwa mara mbili."

"Mama," akasema, pole pole, "si wewe mwenyewe mko wanne?"

Hakungoja jibu. Aliniambia nisome, nami nikasoma jina na namba ya shamba, jina na namba ya shamba. Kila nikisoma alijua papo hapo ni yupi: huyu ni yule wa karibu na bwawa, huyu ni mwalimu aliyestaafu, huyu ni yule mrefu. Hakuna hata mmoja aliyemsumbua. Niliyemfikiria kuwa marudio, yeye alimjua mpaka rangi ya ng'ombe wake. Kabla hatujamaliza nilimsikia akimwita mwenye pikipiki.

Hadi jioni alikuwa amewafikia tisa. Wa kumi alipatikana sokoni Ijumaa asubuhi na akaenda ofisini na kikapu chake. Wa kumi na moja alikuwa shangazi.

Ni binamu wa baba, mjane, na shamba lake liko kwenye mteremko wa chini ambako ndengu ndiyo humea vizuri. Wajina wake, binamu yake, ni mke wa mwenye posho mill, ile mashine ya kusaga unga. Wote wawili wana jina la nyanya yao na wote wawili husali kanisa moja. Jina lao liliposomwa mara moja ile Jumapili, nilikuja kuambiwa, watu waliuliza ni yupi kati yao. Baba mkubwa akaitazama karatasi yangu, haikuwa na namba ya shamba, ikampa jina moja tu. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alisema ni wa posho mill, maana yeye shamba lake lilichelewa kupimwa. Jumatatu akapanda gari kwenda Kanyakine, huko Meru, kumwona binti yake aliyejifungua.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Namba ya binti yake nilikuja kuipata Ijumaa saa mbili asubuhi, baada ya kuwaomba watu watano. Nilimweleza, na nikamsikia shangazi kwa nyuma akiuliza mara mbili nani amekufa. Saa tatu nilipiga tena, bado hajaondoka. Saa tatu na nusu, bado. Wakwe zake walikuwa wamesema haiwezekani mama wa mzazi aondoke nyumbani kwao bila kula, na baada ya kula bila kuombewa, na baada ya kuombewa mikono mitupu. Mkwe wake mwanamume alikuwa shambani akimkatia mkungu wa ndizi. Ningeweza kupiga kelele kwenye simu, lakini ni nani mimi wa kuharakisha maombi ya watu, tena kwa kosa langu?

Nilimsubiri stendi ya Embu tangu saa sita. Kila gari la Meru lililoingia nililikimbilia. Alishuka saa tisa na dakika kumi, leso mbili kiunoni, mkungu wa ndizi ukishushwa nyuma yake, akanisalimia kwa utaratibu wote, hali yangu, ya baba, ya mama, na mimi najibu nikimvuta mkono. Gari la Siakago lilikuwa na nafasi mbili zilizobaki. Njiani sikumweleza kitu. Nilikuwa nahesabu kona.

Tulifika ofisini saa kumi na dakika ishirini. Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, amemshikilia karani mwanamume kwa mazungumzo muda wote huo. Daftari lilikuwa limeshafungwa na kutiwa sahihi, limo ndani ya sanduku, na sanduku limo ndani ya gari la serikali lililokuwa limeshaondoka. Karani hakuwa mkali. Alisema angemwona saa kumi kasoro dakika moja angemwandika. Baba mkubwa akaanza kumsihi tena, amwambie dereva arudi, na shangazi akamgusa mkono.

"Mwache mtu wa watu aende nyumbani," alisema.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Akakata ndizi zilizoiva, akampa mlinzi, akampa karani, akanipa na mimi. Ndipo nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, kuhusu mistari iliyorudiwa, jumla iliyonikataa, sentensi niliyoifuta, na hata ule ujumbe wa uongo, ambao baba mkubwa alikuwa amenyamaza nao. Sijui kama maneno ya tovuti na programu aliyaelewa. Ile sentensi aliielewa. Alinifanya niirudie.

"Asiyeliona jina lake aende kuuliza," nikasema.

Alimaliza ndizi yake. "Mimi Jumapili nilitaka kwenda kuuliza," akasema. "Moyo ulinituma. Halafu nikaitazama hiyo karatasi yako, imenyooka hivyo. Nikaona nani ataibishia."

Hakuwa ananigombeza, na ningependa kuandika kwamba hilo lilinipunguzia. Kwa wiki kadhaa baadaye nilikuwa nikifungua kompyuta na kuifunga. Nilimwomba bosi anipe kazi ya kuchapisha tu. Nilimweleza mama kwamba programu nimeachana nazo, naye akanitazama tu na kuendelea kuchambua maharagwe.

Aliyenirudisha ni shangazi, tena bila kukusudia kunirudisha. Alianza kunipigia kila Jumatatu asubuhi, akiwa ameweka simu chaji kwa jirani, kuniuliza kama orodha mpya imetoka. Hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Nami sikuweza kumjibu bila kuangalia, kwa hiyo nikaiandika programu upya, na safu ya namba za mashamba ikiwa ndani, mbaya hivyo hivyo ilivyo. Majina sasa nayaacha hata yakiwa yamejirudia mara tatu. Wenyewe watajijua.

Miezi imepita. Mwezi huu ofisi imeanza kuweka orodha nyingine, kidogo kidogo, na Jumatatu hii shangazi alipiga kabla sijavaa viatu.

"Limo?"

Nilikuwa nimeshaendesha programu. Nilitazama kilichoandikwa kwenye kioo, nikatamani sana kumpa neno moja la uhakika.

"Kurasa kumi na nane nimezisoma zote, shangazi, na namba ya shamba lako haimo. Wa kumi na tisa umekataa kufunguka. Huo sijui una nini."

"Hujui kabisa?"

"Sijui."

Kuku walisikika, na nikangoja aniulize basi kazi yangu ni nini.

"Sawa," akasema. "Huo wa kumi na tisa naenda kuuulizia mwenyewe." Na kabla simu haijakatika nilimsikia akimwomba jirani amshikie funguo.